Mama Sikuona Arudisha Posa

Ko. Ko. Ko.

Ni mlio wa nyundo juu ya kigingi. Wamucii aliusikia siku moja tu, lakini kwa miaka mitatu haukumtoka masikioni. Aliyeshika nyundo alikuwa shemeji yake Ngaruiya, alasiri ya Jumamosi, nyuma ya nyumba yao pale Uthiru, kati ya tangi la maji na kamba za kuanikia nguo. Alipomaliza, alifunga kwenye kigingi kile wanyama wawili walioletwa kwa pikapu kutoka Wangige: kondoo jike na mbuzi jike, wote wachanga, wote hawajazaa. Wakikuyu huwaita mwati na harika. Wakishafungwa uani kwa mtu, kila jirani anayepita hujua bila kuambiwa kwamba binti wa nyumba hiyo ameposwa.

Binti mwenyewe, Debra, hakuwepo. Alikuwa Kisumu kwa mafunzo ya wiki tatu. Kazi yake ni kuwanyoosha viungo wagonjwa waliovunjika. Desturi inataka binti aulizwe mbele ya wageni, "Tule, tusile?" na jibu lake ndilo hufungua vyungu. Walimpigia simu mara mbili, hakushika. Chakula kilikuwa kinapoa. Ngaruiya akasimama na glasi mkononi, akasema, "Mtoto wa marehemu ndugu yangu, mimi nitakosa kumjua? Ameshasema ndiyo." Wageni wakacheka, wakanawa mikono. Mzee Gatimu, baba wa Muchiri, kijana aliyeleta posa, akamgeukia mama wa binti kuona kama ana neno.

Wamucii akanyamaza. Akaingia jikoni, akatoka na sahani ya chapati.

Lingekuwa jambo dogo kwa mtu mwingine. Lakini Wamucii ni mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Mama Sikuona, na jina hilo alilipata kwa gharama. Mumewe Maina alipofariki, ndugu walitaka kumtetea mahakamani juu ya kipande cha shamba huko Kikuyu. Walichohitaji kwake ni kiapo kidogo tu: kwamba alimsikia baba mkwe akimgawia Maina sehemu ile kabla hajafa. Kila mtu alijua mzee aligawa hivyo. Kila mtu alijua Wamucii angefaidika. Hakimu alipomuuliza, alijibu, "Sikuwepo. Sikuona." Shamba likaenda, na yeye akapanda gari la Uthiru na watoto wawili na masanduku matatu, akaanza kutafuta kazi.

Kazi aliipata River Road, ghorofa ya kwanza, katika duka la uchapishaji ambalo ngazi zake zimelika katikati kwa nyayo za watu. Huu ni mwaka wa ishirini na saba. Anaendesha mashine ya kukata karatasi. Kadi za harusi humfikia zikiwa nne nne kwenye karatasi kubwa. Yeye huzipanga, huzigonga kingo zilingane, huvuta mkono wa kisu, na zinatoka kadi zenye pembe kali. Kisha huzikunja na kuzifunga utepe. Amewakatia kadi watu wa makabila yote ya Nairobi. Wateja humpenda kwa sababu akiona kosa husema, hata kama kosa ni la bosi. Mara moja alirudisha kadi mia nne za bwana mmoja mkubwa kwa sababu kanisa lililochorwa halikuwa kanisa lililotajwa. Bosi alifoka asubuhi nzima. Jioni akamnunulia soda.

Ndiyo maana kunyamaza kwake siku ile kulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Debra aliporudi kutoka Kisumu na kukuta wanyama uani, hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Hawa ni wa nani?" Alipojibiwa, akasema, "Mum, Muchiri ni rafiki yangu tangu Shule ya Jumapili. Siwezi kuolewa na yeye. Hata yeye anajua." Na kweli Muchiri alijua, maana mwaka haukuisha akahamia Mombasa, na mwaka uliofuata akapata mtoto huko na msichana wa Voi. Ila hakuna aliyewarudisha mbuzi. Kurudisha ni kusema, na kusema kunataka maneno. Kwa hiyo familia mbili ziliendelea kukutana kanisani kila Jumapili, Mzee Gatimu akimwita Wamucii "muthoni", yaani mkwe, na Wamucii akiitika. Kondoo akazaa, mbuzi akazaa. Uani wakawa saba.

Katika miaka hiyohiyo alikuwa akija mtu mwingine nyumbani pale Uthiru. Hakuleta mbuzi, wala hakubisha hodi kwa kishindo. Tanvi ni binti wa Parklands, wa familia ya Kihindi iliyouza miwani kwa vizazi vitatu, naye mwenyewe hupima macho katika kliniki moja Kilimani. Mara ya kwanza alikuja kama rafiki wa Debra, akaketi jikoni, akasema maneno mengi sana. Wamucii alimpakulia irio, viazi na mahindi ya kupondwa, kutoka kwenye sufuria ambayo jana yake ilipikiwa nyama. Tanvi akatabasamu, akasema ameshiba. Mara ya pili akashiba tena. Mara ya tatu Debra akamnong'oneza mama yake sababu. Jumatatu iliyofuata Wamucii alipotoka kazini alipita kwenye duka la vyombo, akanunua sufuria ndogo ya chuma cha pua, akaitundika kwenye msumari wake peke yake. Hakuna aliyeruhusiwa kupikia nyama ndani yake. Ngaruiya alipoitumia siku moja kuchemshia supu, alifukuzwa jikoni kama jogoo.

Miezi mingi baadaye, Debra na Tanvi walipoketi mbele yake wakiwa wameshikana mikono na kumwambia kile ambacho walikuwa wamehofia kukisema miaka miwili, Wamucii aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa mwanamke wa kanisa, kiongozi wa kina mama, na hakuwa na maneno ya kulieleza jambo lile, si kwao wala kwa Mungu. Alichokuwa nacho ni sufuria. Aliinuka, akaitungua, akauliza, "Tanvi atakula dengu ama maharagwe?"

"Anti," Tanvi akasema, "umesikia tulichosema?"

"Nimesikia. Nauliza chakula."

Basi ikawa hivyo. Usiku ule hakulala, na usiku wa pili hakulala, na wa tatu aliamka saa kumi akafagia uwanja ambao haukuwa na uchafu. Lakini hakuwahi kumwambia binti yake neno ambalo angelazimika kulirudisha.

Mwaka huu Tanvi alipata kazi Kanada. Debra angeweza kwenda naye kama wangekuwa na cheti cha ndoa. Hapa nyumbani cheti hicho hakipo; ndoa ya namna yao sheria haiitambui, na kwa watu wengi hata kutajwa haitajwi. Wakaulizia huku na huku, wakasikia kwamba Afrika Kusini hufungisha ndoa za namna hiyo, hata kama wote wawili si raia wake. Wakaandika barua, wakatuma pasipoti, wakapewa tarehe Cape Town. Afisa aliyepokea makaratasi yao akataka jambo moja zaidi: kila mmoja alete kiapo cha mtu aliyemjua tangu utotoni, kwamba hajaolewa na hajafungika kwa mtu mwingine. Upande wa Tanvi, shangazi yake Ishita alishaapa. Alilia kwa wakili, akajifuta, akaenda hekaluni, na jioni akamtumia Tanvi sari ya mama yake marehemu bila barua yoyote ndani.

Ukabaki upande wa Debra.

Alimletea mama yake karatasi ile kazini, River Road, saa ya chakula cha mchana. Wamucii alijifuta mikono, akavaa miwani ambayo Tanvi mwenyewe ndiye aliyempimia, akasoma taratibu huku mashine ya jirani ikipiga chwap, chwap. Alipofika mstari wa nne akasimamisha kidole.

"Hapa," akasema. "Soma hapa."

Debra akasoma. "'Na kwamba hakuna familia yoyote iliyomposa wala yenye dai la ndoa juu yake.'"

"Mbuzi wako wapi?"

"Mbuzi gani, Mum?"

"Wa Wangige."

Debra akacheka kidogo, kisha akaona kwamba mama yake hacheki. "Mum, hiyo ni mambo ya kitambo. Muchiri ako na mtoto Mombasa. Hiyo haihesabiki hata."

"Mimi nimeuliza Muchiri? Nimeuliza mbuzi. Nikitoka hapa saa hii nikienda nyumbani, nitawapata uani ama sitawapata?"

"Utawapata."

"Basi nitaapa aje?"

"Ni karatasi tu, Mum. Huko Cape Town nani anajua harika ni nini?"

Wamucii alivua miwani. "Mimi najua," akasema.

Debra aliketi juu ya rimu za karatasi, akashika kichwa. Tarehe ilikuwa imebaki wiki tatu. Tanvi alitakiwa kuwa kazini Kanada mwezi unaofuata. Baba hayupo. Kaka yake yuko Qatar na walikuwa hawasemeshani tangu alipojua. Ngaruiya, aliyempokea mtoto yule hospitalini na kumbeba mgongoni, angeapa kwa moyo wote kwamba Debra ni mke wa mtu Wangige. Hakukuwa na mwingine aliyemjua tangu utotoni ambaye angekubali kuingia kwa wakili kwa jambo kama lile. Kama mama hataapa, tarehe ingepita, Tanvi angeondoka peke yake, na watu wakitenganishwa na bahari mbili hakuna anayejua yatakayofuata.

"Kwa hivyo umekataa," Debra akasema.

"Sijakataa. Nipe Jumamosi."

Jumamosi asubuhi alimwita Makau, dereva wa pikapu anayewaletea karatasi dukani. Makau alipoona mzigo wenyewe akafuta jasho ambalo bado halijatoka. "Mama Sikuona, leo karatasi zimeota miguu?"

"Pakia, acha kuongea."

Tanvi alikuwa amekuja mapema, amevaa viatu vya kutembelea matopeni, tayari kwenda. Wamucii alimtazama kutoka juu hadi chini. "Wewe kaa hapa na Debra. Ukionekana huko na mimi, watafikiri nimewaletea mnunuzi."

Kigingi ndicho kilichokataa kutoka. Miaka mitatu ardhini kilikuwa kimejikita kama mzizi. Wamucii alikitikisa, akakichimbua kwa jembe, akapiga magoti na kukivuta kwa mikono yote miwili mpaka udongo ukamjaa kuchani. Ngaruiya alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba yake ya jirani, mikono nyuma.

"Tangu lini mwanamke akarudisha mwati na harika?" akauliza.

"Twende basi. Wewe ndiye mwanamume."

Ngaruiya akatazama viatu vyake. "Niko na mkutano wa mambo ya maji."

"Mkutano mwema, shemeji," akasema, akakitupa kigingi kando ya tangi.

Mzee Gatimu alikuwa akikata majani ya ng'ombe alipoona pikapu ikiingia. Aliwahi kuwa karani wa chama cha maziwa na bado anatembea kama mtu aliyebeba funguo. "Karibu, muthoni," akasema. Kisha akaona ni nini kilichokuwa nyuma ya gari, wote saba, na panga lake likashuka pole pole.

"Debra ni mzima?"

"Ni mzima."

"Ni nani mwingine aliyebisha hodi?"

Hilo ndilo swali ambalo Wamucii alijua litakuja. Kwa desturi, posa hairudishwi hivihivi. Hurudi kwa sababu mwingine amefika. Njia yote kutoka Uthiru alikuwa akijaribu majibu kimoyomoyo. Angeweza kusema mambo ya vijana hayaeleweki. Angeweza kusema binti anasafiri. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

"Ni msichana," akasema. "Anaitwa Tanvi, wa Parklands. Wanaenda Afrika Kusini kufunga ndoa, kwa sababu huko hawamuulizi mtu ni raia wa wapi, wala hawajali kama wote ni wanawake. Mimi nimeambiwa niape kwamba hakuna nyumba iliyomposa mtoto wangu. Na nyinyi mlimposa. Hakuulizwa kama tule, mimi nilijua hakuulizwa, nikanyamaza na chapati nikapakua. Siwezi kuapa juu ya hiyo."

Mbuzi alijinyoosha kutoka garini akaanza kula majani yaliyokatwa.

"Mhindi," mzee akasema hatimaye.

"Mhindi."

"Na hao watakuletea nini? Hao hawafugi."

"Hawali hata nyama."

"Hata kuku?"

"Hata yai."

Mzee Gatimu akatikisa kichwa. Wamucii aliona kwamba kati ya yote aliyoyasikia asubuhi ile, pengine ni lile yai lililomshinda zaidi. Kisha uso wake ukawa mzito tena. "Mama Debra," akasema, na Wamucii akahisi mahali neno "muthoni" lilipokuwa pamebaki patupu, "hiyo ndoa mimi sitaiombea. Usiniombe niiombee."

"Sikuja kuomba."

"Ulikuja kufanya nini?"

"Kuleta mbuzi."

Mzee akachomeka panga kwenye gogo. Akamwita mkewe, Wahu, aje ashuhudie, na Wahu akatoka akijifuta unga mikononi. "Uone mwenyewe," mzee akamwambia. "Mwati na harika wamerudi nyumbani. Binti wa Wamucii hayuko kwetu tena. Mtu akikuuliza, umeona." Akawashusha wawili, yule kondoo na yule mbuzi waliotoka hapo miaka mitatu iliyopita, akawafungua, akamrudishia Wamucii kamba. Wengine watano hakuwagusa. "Hao wamezaliwa kwako, wamekula majani yako."

Wamucii akakunja kamba mkononi.

"Ungeweza kunidanganya," mzee akasema, sasa bila kumtazama. "Ningekuamini, na ningekushukuru." Akachukua panga lake, akarudi kwenye majani.

Wahu ndiye aliyemsindikiza hadi garini. Wakasimama kando ya mlango, wanawake wawili walioimba sauti moja katika kwaya moja kwa miaka kumi na tisa.

"Huyo msichana ni mpole?" Wahu akauliza.

"Anaongea sana."

"Afadhali," Wahu akasema. "Nyumba yenu imezidi kimya."

Makau aliwasha gari, akatazama kwenye kioo. "Tumekuja na saba, tunarudi na watano. Hii biashara yako sijaielewa, mama."

Jumapili kanisani Mzee Gatimu hakumsalimu. Wengine watatu pia hawakumsalimu, kwa hiyo habari ilikuwa imeshavuka bonde. Wamucii aliketi mahali pake pa kawaida, akaimba sauti yake ya kawaida, na benchi lote la kina mama likawa na nafasi kubwa kushoto kwake. Ibada ilipokuwa inakaribia kwisha, Wahu aliinuka kutoka upande wa pili, akaja akaijaza nafasi ile. Alifungua kitabu cha nyimbo, akakiweka katikati yao.

Jumanne walikwenda Parklands, kwa wakili Amrit, mzee wa Kisikh mwenye kilemba cha buluu na sauti ya mtu aliyezoea kusoma karatasi za watu wenye wasiwasi. Ofisi iko juu ya duka la dawa. Debra aliketi upande mmoja, Tanvi upande mwingine, wakiwa na mama katikati kana kwamba ni yeye anayeolewa.

Wakili alisoma kiapo chote kwa sauti. Kwamba yeye, Wamucii, ni mama mzazi. Kwamba amemjua Debra tangu kuzaliwa. Kwamba binti huyo hajawahi kuolewa. Alipofika mstari wa nne Debra akafumba macho.

"'Na kwamba hakuna familia yoyote iliyomposa wala yenye dai la ndoa juu yake.'" Wakili akashusha karatasi. "Mama, umeelewa yote niliyosoma?"

"Nimeelewa."

"Shika Biblia kwa mkono wa kulia. Ni kweli haya?"

Wamucii aliichukua Biblia. Kucha zake bado zilikuwa na mstari mwembamba wa udongo mwekundu ambao sabuni ya siku tatu haikuutoa. Aliutazama kidogo. Kisha akajibu, kwa sauti ya chini mno, hata mzee Amrit akalazimika kuinama juu ya meza ili amsikie:

"Ni kweli tangu Jumamosi."